Ufunguo Uliokufa Usiku
(Neno juu ya Mathayo 25:1-13)



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya wale wanawali kumi, habari ambayo kila aliyepita darasa la kipaimara aijua, na labda kwa kuijua mno tumeacha kuisikia. Twawaomba mfungue Kitabu wenyewe, mwisome kwanza, ndipo mrudi hapa. Maana sisi tumeihubiri habari hiyo miaka mingi, tukidhani moyoni mwetu ya kuwa twahesabiwa pamoja na wale watano wenye akili, hata ulipofika usiku mmoja wa Kwaresima tukajiona tu wa kundi gani.

Angalieni kwanza jambo ambalo watu hulipita upesi. Wanawali wote kumi walikuwa na taa. Wote walitoka kumlaki bwana arusi. Wote walisinzia wakalala, wenye akili na wapumbavu pamoja, wala Bwana hawakemei kwa usingizi ule. Mtu apitaye njiani jioni ile asingaliweza kuwatenga hawa na hawa. Tofauti yao ilikuwa ndani ya vyombo, mahali pasipoonekana, nayo ilijulikana usiku wa manane tu, penye kelele na haraka, wakati ambapo dukani pako mbali.

Basi twasema habari ya ufunguo.

Watu wengi wa sharika zetu sasa wana motokaa, na nyingi katika hizo zilitumika kwanza huko Japani, kisha zikashushwa bandarini Dar es Salaam. Yetu ni mojawapo. Ufunguo wake si kipande cha chuma kama funguo za baba zetu, bali ni kijisanduku cheusi chenye vitufe. Ukibonyeza, mawimbi ya redio hutoka, motokaa husikia, milango hufunguka. Kazi hiyo hufanywa kwa nguvu ya betri moja ndogo ya duara, mfano wa sarafu, ambayo wengine huiita betri ya saa. Juu yake pameandikwa, mara nyingi, CR2032. Tarakimu mbili za kwanza ni upana wake, milimita 20, na mbili za mwisho ni unene wake, milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Kitu chepesi kuliko kifungo cha koti, na bei yake si kubwa.

Betri hii ina tabia ambayo mchungaji aweza kuitafakari muda mrefu. Imetengenezwa kwa madini ya lithiamu, nayo haipungui kama mshumaa upunguavyo, kidogo kidogo mbele ya macho yako. Hushika nguvu yake karibu ile ile mwezi hata mwezi, mwaka mmoja, pengine miwili au mitatu. Kisha mwisho wake ukifika huanguka upesi. Leo yaitika, kesho haiitiki. Je, hatujawaona watu wa namna hii? Mzee aliyekuwa akiimba kwaya na kutoa sadaka bila kukosa, mara twasikia ameanguka katika dhambi iliyo kubwa, nasi twashangaa na kusema: Imekuwaje kwa siku moja? Haikuwa siku moja. Palikuwa na muda mrefu ambapo taa iliwaka na mafuta yalikuwa yakiisha.

Hata hivyo betri haifi bila kutoa dalili kabisa. Ufunguo wetu ulianza kuonya mwezi wa Januari. Zamani tulibonyeza tukiwa mlangoni pa kanisa, na motokaa ilijibu chini ya miti, hatua thelathini na zaidi. Kisha ikatubidi kusogea. Kisha kubonyeza mara mbili. Mwisho ikatupasa kusimama karibu na mlango na kuunyosha mkono kama mtu abishaye hodi. Tulisema, Ni baridi ya asubuhi. Tulisema, Tutanunua tukishuka mjini. Tulishuka mjini mara tatu, tukanunua sukari, na karatasi za ofisi, na tairi moja. Mke wetu alitukumbusha siku ya Jumamosi, nasi tukamjibu ya kuwa bado wafanya kazi.

Jumanne usiku, saa nne, simu ikalia. Alikuwa mjukuu wa mzee mmoja wa usharika wetu, mtu aliyekuwa mzee wa kanisa tangu hatujapata ukasisi. Alisema, "Baba Mchungaji, babu anakuomba. Anataka Meza ya Bwana. Tafadhali usikawie." Tulivaa, tukachukua Biblia, tukatoka. Na mkoba wa vyombo, kikombe na sahani na divai, ulikuwa ndani ya motokaa, kwa kuwa tuliurudisha Jumapili kutoka kwa mgonjwa mwingine tukaona uvivu kuushusha.

Tukabonyeza. Kimya.

Tuliupasha moto ufunguo kwa viganja. Tuliusugua kwenye joho. Tukabonyeza tena mara nyingi, tukiuzunguka mlango huu na ule. Jirani yetu akaamka, akaleta ufunguo wake, maana motokaa yake ni ya namna ile ile. Haukufungua, kwani kila motokaa huwajua walio wake tu. Kijana mmoja akasema, "Baba, tuvunje kioo." Nasi, wapendwa, tukahurumia kioo. Twaliandika neno hili ili lisifichike. Mtu aliyekaribia kufa alikuwa akiuliza kikombe cha Bwana, na sisi tulikuwa tumesimama uwanjani tukipiga hesabu ya bei ya kioo. Ikapita karibu saa nzima. Ndipo tukatuma mtu kumwamsha mtunza kanisa atutolee vyombo vya madhabahuni, naye akatafuta funguo zake, na mvua ikaanza, na mwenye pikipiki akakubali kwa shida kupanda njia ile ya utelezi.

Tulifika saa saba kasoro. Mzee alikuwa yu hai, lakini hakuweza tena kumeza wala kusema. Bibi yake alikuwa ameketi kitandani amemshika mkono, na wajukuu wamesimama. Akasema, "Karibu, Baba Mchungaji. Sisi tulikuwa tumeshaanza." Walikuwa wakisema Baba Yetu na Zaburi ya 23, wakimaliza na kuanza tena. Tukaungana nao. Tukamwekea mkono, tukamtangazia ondoleo la dhambi, tukambariki. Kabla ya mapambazuko akalala katika Bwana.

Tulipokuwa twaondoka tulimwuliza bibi kama alisema neno. Akajibu, si kwa kutulaumu, "Alikuuliza mara mbili. Kisha hakuuliza tena."

Asubuhi fundi alikuja, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyepata kipaimara mikononi mwetu. Aliushika ule ufunguo, akasukuma kijikono kidogo ubavuni mwake, akavuta: kumbe ndani mmefichwa ufunguo wa chuma, mwembamba, wa desturi ya zamani! Akauingiza katika tundu la mlango wa dereva, akazungusha, mlango ukafunguka. (King'ora kililia, katika motokaa nyingine hulia, msiogope.) Kisha akaketi, akakanyaga breki, akakigusisha kile kijisanduku kwenye kitufe cha kuwashia, akabonyeza, motokaa ikawaka. Betri ilikuwa imekufa bado. Haikupata dakika mbili kazi yote. Tulikuwa na ufunguo mkononi muda wote ule, wala hatukuujua. Kitabu cha maelezo kilikuwamo ndani ya motokaa tangu tuinunue, kimeandikwa kwa Kijapani, lakini kina picha, na picha hizo tungaliweza kuzielewa kama tungalizitazama.

Fundi alituuliza pia kwa nini hatukuiazima betri ya ufunguo wa jirani, maana zalingana. Hatukuwa na jibu. Hapo mfano wetu waachana na mfano wa Bwana, na ni vema tuseme wazi: betri yaweza kuazimwa, mafuta ya wale wanawali hayakuazimika. Watu wengine huwaona wale watano wenye akili kuwa wachoyo. Sivyo. Mke hawezi kumwamini Mungu kwa ajili ya mumewe, wala kwaya haiwezi kutubu kwa ajili ya mlevi. Yako mambo ambayo rafiki, hata akipenda, hana namna ya kukumiminia.

Lakini tutafakari yale mawili ambayo fundi alituonyesha.

La kwanza ni ule ufunguo wa chuma. Mliokwisha kupita darasani mlifundishwa Amri Kumi, na Imani, na Baba Yetu, kwa mpango wa Katekisimo Ndogo ambayo Luther aliitoa mwaka 1529 kwa kuwa aliona jinsi watu wa vijijini walivyokuwa hawajui neno. Wengi mlikariri mkinung'unika. Leo mna nyimbo mpya, mna mahubiri katika simu, na ile Katekisimo imefichika ndani yenu, hamwikumbuki. Ile nyumba usiku ule haikuwa na mchungaji, haikuwa na kikombe, taa ya umeme ilikuwa ikikatika. Ila bibi yule alifundishwa utotoni. Alivuta kilichokuwa ndani, nacho kikafungua. Fundi alituambia pia neno hili: tundu la mlango lisipotumiwa kamwe hushika vumbi na kutu, na siku ya haja hukataa kuzunguka, kwa hiyo yafaa kulitumia mara moja moja ingawa vitufe vyafanya kazi. Basi wazazi, nyumbani mwenu, hata siku ambazo hakuna msiba, someni.

La pili lilitushangaza zaidi. Ikiwa betri imekufa, motokaa iliwakaje? Kijana alitueleza hivi. Ndani ya ufunguo mna kitu kingine, chipu ndogo, isiyotegemea ile betri hata kidogo. Karibu na kitufe cha kuwashia mna waya uliozungushwa, wenye kutoa nguvu kama ya sumaku. Ufunguo ukiletwa karibu sana, nguvu hiyo huingia ndani ya chipu na kuiamsha, nayo husema namba yake, na motokaa huitambua. Nguvu hutoka katika motokaa. Ufunguo hauna nguvu yake mwenyewe. Sharti lake ni kukaribia.

Ndugu zetu wachungaji na wainjilisti, twaomba msikie hapa. Tumekabidhiwa funguo, ndivyo Kanisa letu lifundishavyo kwa Mathayo 16 na Yohana 20: kufunga na kufungua, kutangaza ondoleo la dhambi. Na huku twajua jinsi tulivyo. Ziko siku ambapo mchungaji apanda madhabahuni na ndani yake hamna volti hata moja. Je, ondoleo alitangazalo siku hiyo ni bure? Wababa wetu walijibu mwaka 1530 katika Maungamo ya Augsburg, kifungu cha nane: Neno na Sakramenti vyasimama kwa agizo la Kristo, hata kama watumishi wake si wema. Kama ingekuwa kwa nguvu yetu, nani angeokoka? Mzee wetu hakufa bila Kristo kwa sababu mchungaji wake alikuwa mzembe. Alibatizwa. Alisikia Neno kwa kinywa cha mkewe.

Lakini mtu asichukue fundisho hili na kulifanya mto wa kulalia. Sisi tulijaribiwa kufanya hivyo asubuhi ile ile. Tulijiambia: Mungu alimtunza, basi hakuna lililoharibika. Lakini mzee aliomba kikombe, hakukipata, na aliuliza mara mbili. Neema ya Mungu ilimfikia. Deni letu lilibaki deni, nasi tulikwenda kwa mchungaji mwenzetu kuliungama, tukasamehewa.

Liko jambo la tatu, dogo, tuliloambiwa baadaye, nalo lastahili kusemwa. Ufunguo wa namna hii hautoi neno lile lile kila mara ubonyezapo. Kila mara hutoa namba mpya, na motokaa huingoja namba ifuatayo. Kwa hiyo mwizi akiinasa ya jana hataweza kuitumia leo. Tulipoambiwa tulikumbuka mana ya jangwani, Kutoka 16, ile iliyowekwa mpaka asubuhi ikaingia mabuu. Toba ya mwaka wa kipaimara haitoshi Jumanne hii. Ndiyo maana Luther, juu ya Ubatizo, alifundisha ya kuwa yule mtu wa kale ndani yetu hana budi kuzamishwa kila siku.

Sasa, kwa kuwa wengi wameuliza kanisani, twaandika jinsi ya kuibadili betri. Si haya kwa gazeti la Kanisa kufundisha kazi ya mikono. Toa ufunguo wa chuma kwanza. Palipo mwanya tia sarafu au bisibisi nyembamba iliyofungwa kitambaa, zungusha polepole, kifuniko kitaachana. Usitumie kisu cha jikoni, tumeonyeshwa vidole. Kabla ya kuitoa betri, tazama uso wake wenye alama ya kujumlisha umeelekea juu au chini, maana funguo hazifanani. Soma namba yake, ununue yenye namba ile ile: CR2025 ina upana ule ule lakini ni nyembamba, nayo hailingani. Ile mpya iwe katika pakiti iliyofungwa, yenye tarehe isiyopita. Zile zilizoanikwa juani juu ya meza za barabarani mara nyingi zimekwisha kuchoka. Ishike ukingoni, ipanguse kwa kitambaa kikavu, weka, funika mpaka usikie imeshika. Kisha nenda mbali, ubonyeze. Ufunguo wa namna hii usiwekwe usiku karibu na motokaa, wala juu ya televisheni au kando ya chaja ya simu, maana husumbuka bure na kumaliza nguvu.

Na ile ya zamani isiachwe mezani hata dakika moja. Hapa hatufanyi mfano wowote, ni onyo tu. Mtoto akiimeza, betri ya milimita 20 hukwama kooni, na hata ile iliyokufa kwa ufunguo ina nguvu ya kutosha kuunguza nyama; kwa muda wa saa mbili yaweza kumjeruhi vibaya sana. Huko Marekani mwaka 2022 ilitungwa sheria ya kulazimisha vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua, kwa ajili ya vifo hivyo. Mkiona au mkishuku tu, mpelekeni hospitali papo hapo, mkaombe picha ya eksirei. Msimtapishe, msimpe chakula. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, na ikiwa hazijapita saa 12, madaktari wa sumu hushauri apewe asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi, isizidi mara sita, wakati mnapokwenda, wala msikawie kwa kuitafuta asali. Betri zenu zilizokwisha zifungeni kwa utepe pande zote mbili, mzilete. Tumeweka bati lenye kifuniko juu ya kabati la ofisi ya usharika, nalo litapelekwa mjini. Zisitupwe motoni.

Jumapili baada ya maziko tulipanda tena kwenye nyumba ile, mchana, kwa motokaa, na mkoba wa vyombo tukiwa nao mapajani. Bibi alikuwa ametandika meza kitambaa cheupe. Alitutazama, akauliza, "Ufunguo umepona, Baba?" Tukamwambia umepona. Akaingia ndani kuwaita wajukuu, nasi tukavitoa vyombo, tukamimina divai.